Namna ya Kupatana na Kompaila Aliyeikataa Orodha Yako

Una orodha ya ankara za wateja. Mbele yako kuna methodi ya kuchapisha, nayo inataka orodha ya hati. Ankara ni hati. Uliandika mwenyewe `class Ankara extends Hati`, kompaila akasoma, akaridhika. Sasa unampelekea `List<Ankara>` mahali palipoandikwa `List<Hati>` naye anagoma. Anapiga mstari mwekundu, anasema aina hizi mbili hazioani, na hataki mjadala.

Hapa waandishi wa programu wengi hufanya mambo matatu, tena kwa mfuatano uleule: husoma upya mistari yao wakitafuta herufi iliyokosewa, huilaumu Java, kisha hufungua mabano na kulazimisha. Mwongozo huu unakuomba uliache hilo la tatu kabisa. Hilo la pili lifanye ukipenda, lakini ulifanye kwa ufahamu, maana Java ina mambo yake ya kulaumiwa, na hili si mojawapo.

Kwanza, mpe kompaila nafasi ya kujitetea

Hawezi kusema zaidi ya ule mstari mwekundu, kwa hiyo kazi ya kumtetea ni yako. Chukua karatasi uandike mistari hii minne, ukijifanya kwamba ule wa pili umekubaliwa:

```
List<Ankara> ankara = new ArrayList<>();
List<Hati> hati = ankara;
hati.add(new Stakabadhi());
Ankara moja = ankara.get(0);
```

Mstari wa tatu hauna kosa: stakabadhi ni hati, na orodha ya hati hupokea hati yoyote. Mstari wa nne nao hauna kosa: orodha ya ankara ikiombwa kitu cha kwanza hutoa ankara. Lakini kilichotoka humo ni stakabadhi, na programu inatarajia kuiuliza ile stakabadhi tarehe ya mwisho ya kulipa, jambo ambalo stakabadhi haijawahi kulisikia. Ukitafuta mkosaji kati ya mistari hiyo, utabaki na ule wa pili peke yake. Ndio uliofanya majina mawili yenye ahadi mbili tofauti yaelekee kwenye orodha moja iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Fikiria debe la maji ya kunywa. Anayetaka kuchota kimiminika chochote atahudumiwa nalo bila shida, kwa kuwa maji ni kimiminika. Lakini mruhusu mtu aliandike upya «debe la kimiminika», na atakuja mwingine kwa nia njema kabisa kumimina mafuta ya taa. Kuchota na kumimina ni shughuli mbili, na kila moja ina sheria yake. Ukishalishika hilo, umeshika karibu mwongozo wote.

Barbara Liskov, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, alilizungumzia jambo hili katika hotuba yake ya mwaka 1987 kuhusu uhusiano wa aina mzazi na aina mtoto: mtoto anastahili kuitwa mtoto pale anapoweza kukaa kila mahali pa mzazi wake bila programu kuharibika. Pima orodha zetu kwa kipimo hicho. `List<Hati>` inapokea stakabadhi. `List<Ankara>` haiwezi kuipokea. Ankara ni mtoto wa hati, sawa, lakini orodha ya ankara si mtoto wa orodha ya hati. Undugu wa yaliyomo haupandi hadi kwenye chombo.

Pili, elekeza lawama panapostahili

Msomaji mkali atasema: mbona safu za Java zinaruhusu? Ni kweli. `Hati[] h = new Ankara[10];` hupita kwa kompaila bila hata onyo. Ukijaribu kuingiza stakabadhi katika `h`, programu itavunjika wakati inakimbia kwa hitilafu iitwayo `ArrayStoreException`. Java ilipotoka mwaka 1996 haikuwa na jeneriki, na watu walihitaji methodi moja ya kupanga au kulinganisha safu za kila aina. Wakaruhusu safu ya mtoto ipite kama safu ya mzazi, na gharama yake ikawa ukaguzi wakati wa kuweka vitu ndani ya safu. Uamuzi ule bado tunaulipia, na C# nayo ikaubeba ulipofika wakati wake.

Jeneriki ziliingia Java mwezi Septemba 2004, katika toleo la 5. Mizizi yake ni lugha ya Pizza ya Martin Odersky na Philip Wadler, kisha GJ ya mwaka 1998, ambamo Gilad Bracha na David Stoutamire waliungana nao. Sharti walilolikubali lilikuwa zito: programu za zamani na maktaba za zamani ziendelee kufanya kazi bila kuguswa. Ndiyo sababu Java hufuta aina za ndani ya orodha baada ya kuzikagua. Wakati programu inakimbia, `List<Ankara>` na `List<Hati>` ni kitu kimoja: orodha tu, isiyokumbuka iliahidiwa kubeba nini.

Unganisha mambo hayo mawili utaona kwa nini kompaila ni mkali hivi. Safu inakumbuka aina yake, kwa hiyo inaweza kumkamata mkosaji akiwa mlangoni. Orodha imesahau. Asiyeweza kukagua baadaye hana budi kukagua mapema, na kompaila ndiye mkaguzi wa mwisho aliyebaki. Ukimpita, hakuna mwingine. Nikitaka kuilaumu Java, nitailaumu kwa safu zake zinazokubali kila kitu kisha kulalamika usiku wa manane kwenye seva. Kwa orodha zake nitaishukuru.

Tatu, uliza nani anaweka na nani anatoa

Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote katika mwongozo huu, na mara nyingi likijibiwa huhitaji tena kubadilisha chochote. Ile methodi ya kuchapisha inafanya nini na orodha unayoipa? Inasoma hati moja moja na kuichapisha. Haiweki chochote. Basi mwandishi wake aliomba zaidi ya alichohitaji. Kama methodi ni yako, irekebishe tangazo lake:

`void chapisha(List<? extends Hati> hati)`

Alama ile ya kuuliza inasema: nipe orodha ya aina yoyote iliyo hati au mtoto wa hati, nami naahidi kutokuweka kitu ndani. Ahadi hiyo haiachiwi uaminifu wako, kompaila anaisimamia. Ukijaribu `hati.add(...)` humo ndani atakukatalia kila kitu isipokuwa `null`. Orodha yako ya ankara sasa inapita bila kunakiliwa na bila kulazimishwa.

Upande wa pili yupo anayeweka. Methodi inayozalisha ankara mpya na kuzitia kwenye orodha ya mtu haijali kama orodha hiyo ni ya ankara, ya hati au ya vitu vyote duniani. Mradi ankara inaweza kuingia, basi. Tangazo lake ni `List<? super Ankara>`. Kwa sheria hiyohiyo, kilinganishi kilichoandikwa kupanga hati kwa tarehe kinafaa kupanga ankara, na ndiyo maana methodi ya kupanga orodha hupokea `Comparator<? super T>`. Anayejua kulinganisha hati zote hashindwi na ankara.

Ukitaka kuziona sheria hizi mbili zikiwa zimekaa pamoja, fungua maktaba ya Java yenyewe utazame `Collections.copy`: orodha ya kwenda imetangazwa `List<? super T>`, ile ya kutoka `List<? extends T>`. Joshua Bloch, aliyebuni makusanyo ya Java yaliyotoka na toleo la 1.2 mwaka 1998, aliifupisha kanuni hii katika toleo la pili la kitabu chake *Effective Java*, mwaka 2008: chombo kinachokutolea vitu kipe `extends`, kinachokupokelea kipe `super`. Kama methodi inaweka na kutoa kwa pamoja, acha alama ya kuuliza kabisa, utaje aina kamili.

Bloch ana onyo jingine ninaloliunga mkono kwa moyo wote: usirudishe alama ya kuuliza kama tokeo la methodi. Ukirudisha `List<? extends Hati>`, kila atakayekuita atalazimika kuibeba alama hiyo katika msimbo wake, na aliye nyuma yake vilevile, mpaka ofisi nzima iwe inaandika alama za kuuliza.

Nne, kama ni lazima ubadilishe, badilisha kwa mlango

Wakati mwingine methodi si yako. Imo katika maktaba ya watu, inataka `List<Hati>`, na huwezi kuigusa. Milango ipo mitatu, yote halali.

Unaweza kunakili: `new ArrayList<Hati>(ankara)`. Orodha mpya ni ya hati kweli. Atakayeweka stakabadhi humo ataiweka kwenye nakala, na orodha yako ya ankara itabaki safi. Vitu vyenyewe havinakiliwi, ni marejeo yake tu, kwa hiyo gharama ni ndogo kuliko watu wanavyoiogopa.

Unaweza kunakili kwa kufunga: `List.copyOf(ankara)`, iliyopo tangu Java 10. Orodha inayotoka haibadilishwi na yeyote. Angalizo lake ni kwamba haivumilii `null`. Ikimkuta mmoja ndani inavunjika palepale, na mimi naona ni vyema ivunjike.

Mlango wa tatu nauheshimu kuliko yote: `Collections.unmodifiableList(ankara)`. Huu haunakili. Unafunika orodha yako kwa dirisha la kusomea tu, na tokeo lake linaweza kuwa `List<Hati>` ingawa ulichoipa ni `List<Ankara>`. Inawezekanaje kompaila akubali hapa alichokataa pale? Soma tangazo la methodi: inapokea `List<? extends T>`, inarudisha `List<T>`. Kwa kuwa hakuna awezaye kuweka kitu kupitia dirisha lile, hatari iliyokuwa kwenye mstari wa pili wa karatasi yako haipo tena. Kumbuka tu kwamba dirisha huonyesha kinachoendelea nyuma yake: ukiongeza ankara kwenye orodha ya asili, aliyeshika dirisha ataiona.

Tano, kuhusu wanaolazimisha

Kuna njia ya kumnyamazisha kompaila. Ukiandika `(List<Hati>) ankara` atakataa, lakini ukipita kwanza kwenye aina isiyotaja chochote, `(List<Hati>) (List<?>) ankara`, atatoa onyo tu. Kisha mtu anaandika `@SuppressWarnings("unchecked")` juu ya klasi nzima na onyo nalo linatoweka. Funika kombe mwanaharamu apite.

Hapiti. Anakaa ndani. Kwa kuwa orodha imesahau aina yake, stakabadhi itaingia bila kelele. Programu itaendelea kukimbia, labda saa nzima, labda mpaka mwisho wa mwezi hesabu zinapofungwa. Siku hiyo mtu mwingine kabisa, katika faili lingine, ataandika mzunguko wa kawaida wa kupitia ankara, na `ClassCastException` itamlipukia mkononi. Ripoti ya hitilafu itataja mstari wake yeye. Atausoma mara kumi na hataona kosa, kwa sababu kosa haliko pale. Linalonikera katika jambo hili ni hilo hasa: anayelazimisha si yeye anayelipa. Analipa mwenzake wa zamu ya usiku, aliyeachiwa orodha chafu yenye jina safi.

Ukiwa wewe ndiye uliyeachiwa, ipo dawa inayojulikana na wachache. `Collections.checkedList(orodha, Ankara.class)` huirudishia orodha kumbukumbu ya aina yake: kila kinachowekwa hukaguliwa wakati huohuo. Ivishe orodha unayoishuku mahali inapozaliwa, endesha programu upya, na mlipuko utahamia kwenye mstari wa yule anayeweka stakabadhi. Ukishampata, unaweza kuiondoa.

Sita, unapobadilisha chombo chenyewe

Mpaka hapa tumebadilisha kilichoandikwa juu ya chombo. Kubadilisha chombo, orodha kuwa safu, safu kuwa orodha, orodha kuwa seti au jedwali la funguo, kuna mitego yake, na hapa kompaila huwa hana la kusema.

Orodha kuwa safu: `toArray()` bila kitu ndani ya mabano hurudisha `Object[]`, na ukiilazimisha kuwa `Ankara[]` itavunjika. Andika `ankara.toArray(new Ankara[0])`, au tangu Java 11, `ankara.toArray(Ankara[]::new)`.

Safu kuwa orodha: `Arrays.asList` haikupi orodha kamili, inakupa safu yako ileile iliyovikwa joho la orodha. Unaweza kubadilisha kilichomo, na badiliko litaonekana kwenye safu, lakini ukiongeza kimoja inatupa `UnsupportedOperationException`. Na ukistaajabu ya Musa, ipe `int[]` yenye namba mia: utapata orodha yenye kitu kimoja tu, nacho ni ile safu nzima. Jeneriki za Java hazibebi `int`. Njia ya salama ni `Arrays.stream(namba).boxed().toList()`, na hiyo `toList` ya mwisho inahitaji Java 16.

Orodha kuwa seti ndipo pesa za watu zinapopotea. Mtu anataka kuondoa ankara zilizojirudia, anaandika `new HashSet<>(ankara)`, na anashangaa zote zimebaki. Seti haijui kujirudia ni nini mpaka klasi yako iiambie kupitia `equals` na `hashCode`. Bila hizo, ankara mbili zenye namba moja ni vitu viwili. Mpangilio nao unapotea. Ukiuhitaji tumia `LinkedHashSet`. Na chunga sana viwango vya fedha vilivyoandikwa kwa `BigDecimal`. Kwa `HashSet`, 1000.0 na 1000.00 ni viwango viwili, kwa sababu `equals` yake hutazama pia idadi ya tarakimu baada ya nukta. Kwa `TreeSet` ni kimoja, kwa sababu hiyo hutumia `compareTo`. Data ileile, seti mbili, hesabu mbili. Amua mapema ni swali lipi unaliuliza.

Orodha kuwa jedwali: `Collectors.toMap` kwa namba ya simu ya mteja hufanya kazi vizuri kwenye majaribio, ambako kila mteja ana ankara moja. Mteja wa kwanza mwenye ankara mbili atakapokuja, itavunjika kwa `IllegalStateException`. Wengi hutibu kwa kuongeza kanuni ya «chukua ya mwisho», hitilafu inatoweka, na pamoja nayo inatoweka ankara ya kwanza. Usifanye hivyo kama hujui kwa hakika kwamba ya kwanza haihitajiki. Ikiwa mteja anaweza kuwa na nyingi, sema hivyo kwa aina yenyewe: `Collectors.groupingBy` itakupa `Map<String, List<Ankara>>`, na hakuna kitakachopotea.

Saba, ukihamia lugha nyingine

C# ilipata jeneriki mwaka 2005, na zake hazisahau aina wakati programu inakimbia. Bado `List<Ankara>` haiwi `List<Hati>`, kwa sababu zilezile za kuweka na kutoa. Kilichobadilika ni mwaka 2010, katika toleo la 4, pale mwandishi wa kiolesura aliporuhusiwa kutangaza mara moja tu kwamba kiolesura chake kinatoa pekee au kinapokea pekee. `IEnumerable` hutoa pekee, kwa hiyo ankara hupita humo kama hati bila mtu kuandika alama ya kuuliza. Sharti ni kwamba ziwe aina za marejeo. Orodha ya `int` haipiti kama ya `object`. Na usidhani `Cast<long>()` itageuza orodha ya `int` kuwa ya `long`, itavunjika. Tumia `Select` ugeuze kimoja kimoja.

Kotlin imefuata njia hiyo na kuongeza busara yake: imetenganisha `List` ya kusoma na `MutableList` ya kuandikia. Ya kwanza inakubali ankara mahali pa hati, ya pili haikubali. Anayeandika programu za simu kwa Kotlin kila siku huenda hajawahi hata kukutana na mgomo tulioanza nao, na naona wabunifu wake wanastahili sifa kwa hilo. Dart imechagua kinyume: inaruhusu `List<Ankara>` ipite kama `List<Hati>` kila mahali, halafu inakagua wakati wa kuweka, kama safu za Java. Ni rahisi kuandika, na ule mlipuko umerudi kwenye simu ya mteja.

Nane, pale kulazimisha kunapokuwa halali

Zipo sehemu chache ambazo wewe unajua kitu ambacho kompaila hawezi kukijua. Unajenga chombo chako mwenyewe juu ya safu, na Java haikuruhusu kuandika `new T[10]`, kwa hiyo unatengeneza `Object[]` na kuigeuza. Au umekagua kila kitu ndani ya orodha kwa `instanceof` kabla ya kuipa jina jipya. Hapo andika `@SuppressWarnings("unchecked")`, lakini juu ya tangazo la kigeu kimoja, kamwe si juu ya methodi nzima wala klasi nzima. Ukilazimika, tengeneza kigeu cha muda kwa ajili hiyo tu. Kisha andika maelezo juu yake, kwa sentensi kamili, ni nini hasa kinachokuhakikishia kwamba hakuna stakabadhi humo: safu hii haionekani nje ya klasi hii, na anayeweka vitu ndani yake ni methodi hii moja, inayopokea `T`. Sentensi hiyo ikikushinda kuiandika, futa mabano yale urudi kwenye hatua ya tatu.